Msiba wa Mzee Mwansasu

Kundi lilifunguliwa kwa ajili ya rambirambi:
jeneza, magunia mawili ya mahindi, turubai la kukodi,
na basi dogo la kuwaleta shangazi zake kutoka Tukuyu.
Tukazika. Tukahesabu. Ikabaki elfu kumi na mia nne
ambayo mpaka leo mhasibu anasema ipo.
Hakuna aliyetoka.
Kutoka kwenye msiba wa mtu, hata kwa simu,
unaaga vipi?

Basi tukabaki, watu mia na kumi na saba,
tukitumiana maua yenye habari za asubuhi,
mbuzi aliyepotea Iwambi, bei ya viazi Mbalizi,
na zaburi za Mwalimu Asangalwisye,
ambaye halali.

Ilikuwa Juni. Ukungu umeshuka toka Loleza
ukajilaza barabarani kama ng'ombe asiyeswagika.
Tusekile wa mahindi ya kuchoma, pale juu penye kona,
hakuandika. Vidole vilikuwa na majivu.
Alibonyeza, akasema:
"Lori la saruji. Linapiga honi haliachi. Tokeni barabarani."

Sekunde nne.
Nimeisikiliza mara nyingi kuliko sauti ya mama yangu.
Nyuma yake ipo honi,
halafu kaa la moto linapasuka, pah,
halafu kidole kinaachia.

Kule chini wauza parachichi waliacha matenga.
Anyimike alibeba mtoto asiye wake.
Lori likapita juu ya parachichi,
likaingia mtaroni, likalala ubavu.
Dereva akatoka mweupe kwa saruji, macho tu ndiyo mekundu,
akauliza, "Nimeua wangapi?"
Hakuna, tukamwambia.
Akakaa juu ya maganda, akalia kama aliyefiwa.

Ningeishia hapa mngesema simu ni neema.
Lakini msimamizi wa kundi ni mimi,
na ya Februari lazima niyaseme.

Ilikuja picha: mtu na begi jeusi.
"Anaiba watoto. Yuko Mbalizi sasa hivi. Tuma kwa watu kumi."
Nikaituma. Ndiyo, mimi. Hata viatu sijavaa.
Nilipofika walishamzingira, begi wamelimwaga:
mbavu za miavuli, koleo, uzi, kipande cha mkate.
Fundi miavuli, kutoka Makete.
Jiwe la kwanza lilikuwa mkononi mwa mtu
anayeniletea maziwa kila siku.

Simu zikalia pamoja, mifukoni, viunoni, kwenye kanga.
Tusekile tena:
"Umeona, au umeambiwa?
Aliyeona kwa macho yake ajibu kwa jina."

Watu mia na kumi na saba.
Tiki zikageuka bluu, moja moja.
Jina halikuja.
Mwenye jiwe alisoma, akasoma tena,
akainama akaliweka chini polepole
kama mtu anayerudisha yai kiotani.

Tangu hapo ndiyo sheria: saa, mahali,
umeona au umeambiwa.
Fundi tulimwomba radhi, tukamwingiza kundini.
Siku hizi yeye ndiye anayetutangazia mvua
(na kwa nini asitangaze, ni riziki yake).

Wiki iliyopita kijana mmoja akashauri tubadili jina:
"Usalama Mteremkoni." Jina zuri, lina maana.
Mjane wa Mzee Mwansasu, ambaye huwa hasemi kitu,
akaandika:
"liachen. kila sku mnamtaja. mi nafurah."

Tukaliacha.
Leo tena ukungu. Simu inatetemeka mtoni mwa kitanda:
Msiba wa Mzee Mwansasu, ujumbe mmoja mpya.
Moyo unaruka, kama kila mara. Nafungua.

"Saa kumi na mbili na robo. Kona ya juu.
Barabara haionekani. Nimeona mwenyewe.
Piteni taratibu. Mahindi yapo."