Kupima Hewa

Saa kumi na moja na dakika saba, alfajiri,
Mmbone akanivuta nje ya kiwanda,
mikono yetu ingali inanuka majani mabichi.
Tazama, akasema, upande wa Kaimosi.

Nyota isiyopepesa jicho,
inapita juu ya Mudete kama mtu aendaye zake.
"Ndiyo ile nyumba. Ina watu."

Redio ilikuwa imetueleza usiku, mashine zikinguruma:
wageni wanne, mataifa matatu,
wamefika, wamebisha huko juu,
na hawakufunguliwa.
Saa mbili nzima, mlango kwa mlango,
wenyeji wakipima kama hewa haivuji,
ndipo komeo likazungushwa,
wakakumbatiana wakielea,
miguu ya huyu usoni pa yule.

Mgeni siku mbili, nikasema,
ya tatu watampa jembe.
"Alime nini?" Mmbone akacheka.
Basi kitambaa. Palipo watu hapakosi vumbi.

Mimi sikucheka sana.
Jumapili Kageha, mke wa ndugu yangu,
alibisha kwangu,
miaka minne tangu tugombanie mpaka wa shamba,
nami nikakaa kimya, sufuria mkononi,
hadi viatu vyake vikashuka mteremko.

Leo zamu imekwisha, sikuelekea nyumbani.
Niko mlangoni pake,
robo kilo ya majani chai kwapani.
Hodi.
Ndani kiti kimeburutwa, kikanyamaza.
Nangoja.
Naye anapima hewa.