Jaribio la Kumi na Tisa

Nilianza na kapu tupu: nikupapo tupu, nirejeshee tupu.
Likarudi tupu. Kijani.

Kisha anwani moja, pweke:
ikarudi ilivyo, haikupungua tarakimu.
Pacha wawili, wamefanana hadi nukta:
akarudi mmoja.
Kisha fungu dogo ndani ya fungu kubwa.
Likamezwa, ndivyo sharti linavyotaka,
nami nikalihurumia kidogo.

Dundee, saa nane usiku. Mvua ya hapa
haianguki, inapita.
Orodha ya hospitali ina mistari elfu tisa,
lango linabeba elfu nne. Morven ameandika:
*Ziunganishe, Zamzam,
ila asiingie asiyealikwa.*

La kumi na nane: fungu moja laishia mia na ishirini na saba,
lenzake laanzia mia na ishirini na nane.
Yakashikana, hapakubaki hata tundu la uzi.

La kumi na tisa, jekundu.

Hapa pia mwisho na mwanzo vinagusana,
lakini hii ni nusu ya pili ya nyumba yake
na ile ni nusu ya kwanza ya nyumba nyingine.
Msimbo wangu uliona ujirani ukadhani ni undugu,
ukavuta blanketi pana uwafunike wote,
na chini ya blanketi wakajipenyeza
wageni mia mbili hamsini na sita
ambao hakuna aliyewataja.

Ningelijua hilo kwa kutazama mtaa wangu.
Mimi ni mia na ishirini na saba.
Mia na ishirini na nane iko ng'ambo ya barabara,
sijui zaidi ya rangi ya pazia lake.
Ninayechangia naye ukuta ni Bwana Petrie, mia na ishirini na tisa:
najua birika lake linapochemka,
najua usiku ambao halichemki.

Basi nikaongeza swali moja tu, mstari mfupi:
mwanzo wenu, ukigawanywa kwa urefu wenu nyote wawili,
unabakiza kitu?
Ukibakiza, kila mtu akae kwake.

Kijani. Chai imepoa, nainywa hivyo hivyo.

Nimebakiza la ishirini, nalo naliogopa:
anwani ya mwisho kabisa,
ile ambayo ukiiongezea moja
hesabu inazunguka, inarudi sifuri.

Kikohozi cha Petrie kinapita ukutani.
Hakuna sheria niliyoandika ya kukizuia.