Sindano Isiyo na Tundu

Miaka ishirini na miwili nashona pale Kibuye,
sare za shule, marinda ya kwaya, mapazia ya wapangaji wapya,
na sindano naijua kama ulimi unavyolijua jino bovu.
Ndiyo maana nilicheka
Khayumbi alipofungua kijipakiti chake,
mtoto wa Vihiga aliyesomea Uchina miaka saba:
sindano nyembamba kama unywele wa kichanga,
na haina tundu.
"Sasa hii," nikamwuliza, "uzi utapita wapi?"

Hakujibu. Alinishika kifundo cha mkono
kwa vidole vitatu, kimya,
kama mtu anayetambua kitambaa gizani.
Akataka kuuona ulimi. Kisha akauliza
nikishtuka usiku huwa ni saa ngapi.

Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza saa.
Wenzangu wa kanisani waliuliza kama nafunga na kuomba,
shemeji aliuliza cherehani ya marehemu itauzwa lini,
na kule Russia nilipewa vidonge na tarehe ya kurudi.
Sikurudi.
"Saa tisa," nikasema. "Saa tisa barabara,
kabla jogoo wa Mama Olweny hajakohoa."

"Saa ya mapafu," akasema.
"Walionifundisha husema huzuni hukaa humo.
Hasira ina ini lake, hofu ina figo zake."

Nikawaza: kumbe hata wao.
Si sisi tusemao fulani kanikata maini,
mambo yakiharibika yametumbukia nyongo?
Ila mapafu hatukuyapa neno.
Mapafu tuliyaachia kikohozi.

Akanichoma moja katikati ya nyusi,
mbili miguuni, moja mkononi, akazima taa.
Mvua ya alasiri ikaanza kutoka ziwani.
Haikuuma. Palikuwa na kitu kizito tu,
kinasogea, kama maji yanayotafuta njia chini ya mlango,
na nyuma yake akaja Akeyo, mdogo wangu, wa meza ya pili,
mdomo umejaa pini, anacheka bila kuufungua.

Gauni lake la mwisho nililishona mimi,
usiku mmoja, rangi ya maziwa,
kola ya lesi aliyoiweka kwa harusi ya binti yake.
Nilivaa subana.
Sikujichoma hata mara moja.
Mshono ulinyooka kama reli,
na watu matangani walinisifu. Walinisifu!

Khayumbi alipochomoa ile ya mkononi
likatoka tone la damu, dogo kuliko kichwa cha pini.
"Samahani," akasema, akitafuta pamba.
Nikalia.
Nikalia hadi karatasi ya kitanda ikachanika,
naye akasimama na pamba yake mkononi,
hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia pole.

Nilimlipa mia nane,
nikamvua koti lake jeupe kwa nguvu:
kwapa lilikuwa limefumuka, na mimi sindano
zenye matundu ninazo mkobani.

Sijapona. Asikudanganye mtu.
Sijui kama ni sindano
au ni kule kuulizwa saa.
Ila cherehani ya Akeyo nimeitia mafuta, haiuzwi,
na jana nilipofumbua macho
nikapapasa simu kuona:
kumi na robo.
Jogoo wa Mama Olweny alikuwa ameshaniwahi.