Usiku Mmoja, Chumba cha Msonobari

Miaka thelathini na minne nimewapokea wageni kwa magoti.
Napiga goti, nafungua mlango wa karatasi, naingiza trei,
nafunga mlango, nainuka. Magoti yangu yanaijua nyumba hii
kuliko macho: ubao wa tatu unalia, wa saba umelegea,
na mbele ya Chumba cha Msonobari pana baridi ya peke yake
isiyomfuata mtu.

Mgeni hapewi jembe hapa, maana siku ya tatu haioni.
Hulala usiku mmoja, akaondoka na basi la saa nne.
Nami humjua kwa vitu vyake, si kwa uso:
nani kafyonza mifupa ya samaki, nani kaificha chini ya jani,
nani kalia kwenye mto, upande wa ukutani,
maharusi waliosogeza magodoro yakagusana,
wazee walioyatenganisha kwa upana wa gazeti.

Wakiwa majini, mimi natandika.
Wanarudi wekundu kama kamba waliochemshwa,
mvuke ukiwatoka mabegani,
na tazama, malazi yamejitandika yenyewe.
Ndiyo kazi: isionekane.

Mwisho wa mwezi nyumba inafungwa.
Chemchemi haikupoa, ina ukaidi wake ule ule,
bado inanuka yai viza, bado inazitia weusi pete za fedha.
Waliopoa ni watu. Treni ya bondeni ilikatwa mwaka juzi,
na mwana wa Bi Kikuno anauza bima Nagoya.

Jana jioni hapakuwa na mgeni hata mmoja.
Bi Kikuno akanijia jikoni, nikimenya figili.
"Hatsue, weka kisu. Leo unalala Msonobari."
Nikacheka.
Hakucheka.
Akanipa kimono cha pamba, kile cha buluu chenye mawimbi,
nilichokifua na kukinyoosha sijui mara ngapi
na sikuwahi kukifunga kiunoni.
"Kushoto juu ya kulia," akasema, "kinyume chake ni cha maiti."
Ananiambia mimi! Mimi niliyewafundisha hilo
Wajerumani, madaktari wa meno, timu nzima ya mpira wa wavu.

Bafu lile nalijua likiwa tupu.
Kila jiwe nimelisugua kwa brashi, mgongo juu, kichwa chini.
Sikujua kwamba likijaa, ukiingia,
maji humwagika ukingoni kiasi kile kile ulicho.
Nikajisikia nikimwagika, jiwe hadi jiwe, hadi kwenye theluji,
na sauti yake haikuisha upesi.
Kumbe mimi ni mwingi hivi.
Nikavitazama vidole vya miguu kule chini,
vimepinda kama tangawizi, vikicheza.

Niliporudi chumbani godoro lilikuwa limetandikwa.
Pembe moja ya shuka imekaa mshazari.
Bi Kikuno ana miaka sabini na tisa,
hajatandika tangu mumewe alipokuwa hai.
Mkono wangu ukaenda kuinyoosha.
Nikaurudisha.

Usingizi haukuja. Nililala chali nikiisoma dari,
madoa ya mvuke ambayo wageni huniuliza ni ramani ya wapi.
Usiku wa manane ubao wa saba, kisha wa tatu:
mtu anapita polepole, kwa soksi, asinikere.

Alfajiri nikashika shuka nikunje, nikaliachilia.
Mgeni haondoki amekunja.
Nikanywa chai yote. Samaki nikamfyonza hadi kichwa.

Mlangoni, juu ya jiwe la kuvulia viatu,
buti zangu za mpira, zenye kiraka kisiginoni,
zilikuwa zimefutwa matope, zimewekwa sambamba,
zimegeuzwa, ncha zikitazama barabara.
Jozi ngapi nimezigeuza hivyo, wenyewe wakiwa bado wamelala?

Nikakaa ukingoni, soksi zikilowa.
Sikujua kuondoka huanzia mguu upi.