Diski ya Tano

Saa nane usiku, Kakamega. Mvua imeanza upya.
Programu ya doria yaniandikia: diski ya tano inakufa.
Nne zilizobaki zimegawana mzigo wake,
kila moja ikikumbuka kipande cha mwenzake.

Humo mna kilo mbili na robo za mtoto wa Khavere,
na kundi la damu la mzee Shikuku.

Naichomoa, ingali moto kama yai la kuatamiwa.
Naingiza mpya. Asilimia moja.
Jino la pembe si dawa ya pengo, husemwa;
mimi nakesha nikitazama pengo likiota jino.

Arubaini. Chai imepoa.
Bawabu Amukoa achungulia: “Mgonjwa vipi?”
“Anahema.”

Asubuhi Khavere atataja jina dirishani,
faili itafunguka,
naye atalalamika tu kwamba foleni ni ndefu.