Alhamisi ya Pili, Juu ya Kituo cha Zimamoto

Ngazi ni ishirini na mbili. Nazijua
kwa kuwa mwezi wa kwanza nilipumzika kila ya nne,
na wazimamoto wa Bydgoszcz, waliokuwa wakisugua gari lao,
walijifanya hawanioni. Nawashukuru hadi leo.

Huko juu pana meza ndefu, birika la umeme
lenye kelele nyingi kuliko moto,
na keki ya Bogumiła ya mbegu za mpopi,
mbichi katikati kila mwezi,
na kila mwezi hakuna anayesema.

Kwingine watu huulizana habari za nyumbani.
Sisi twaulizana hesabu.
"Mia mbili kumi na nne," asema Wit, akivua kofia.
"Mia na tisini. Zimeshuka kidogo."
"Zimeshuka lini?"
"Jumanne."
Na chumba kizima kinaipima Jumanne ile
kama mama apimavyo maji ya kumwogeshea mtoto,
kwa kiwiko.

Chembe sahani: jina zuri, kama vyombo vya harusi.
Zangu zilivunjika mwezi Machi, nikiwa kazini,
napima kitambaa cha pazia la watu wengine.
Nilikata mita tatu, nikasahau mita ni nini.

Naitwa Kinga. Cheka ukitaka:
ni kinga yangu mwenyewe iliyonigeukia.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema;
changu kilikuwa kimeshavuka nguo.

Siku kumi na moja mashine ilininyonya maji ya damu
ikanirudishia ya wageni, ya manjano
kama mafuta ya alizeti kwenye mfuko.
Sijui ni akina nani.
Huenda yumo aliyenikanyaga kwenye tramu,
nikamlaani kimoyomoyo,
naye sasa anapita moyoni humo humo.

Dada yangu husema, "Lakini umenawiri, umepona."
Hajui kwamba kila usiku naimulika miguu yangu kwa tochi,
natafuta vidoa vidogo kama tundu za sindano,
na kwamba mwezi Julai mbu mmoja tu
alinifanya niite teksi ya hospitali.
Hapa niliisimulia habari ya yule mbu.
Walicheka hadi Wit akakohoa.
Halafu kila mmoja akatoa mbu wake.

Leo kaja mgeni. Olgierd, dereva wa tramu,
miaka ishirini na sita,
kakaa karibu na mlango, koti mwilini.
Hakuna aliyemuuliza kitu. Chai ilimwagika, ikafutwa.
Kisha akakunja suruali hadi gotini:
zambarau, iliyoanza kuchujuka kuwa kahawia.

Wit akakunja yake.
Bogumiła akashusha kola, tukaona kovu la mrija shingoni.
Mimi nikapandisha mkono wa sweta.
Kwa muda tulikuwa kama watu waliofika ukingoni mwa mto,
nguo juu, wakitazamana nani atangulie.

"Daktari aliniambia," akasema Olgierd,
"naweza kuzeeka nisikutane na mwingine."
"Daktari wako," akajibu Bogumiła,
"hajala keki yangu."
Akamkatia kipande. Cha katikati.

Ndipo Zdzisława akataka kukoroga chai.
Ugonjwa ulimwachia kila kitu
isipokuwa majina ya vitu.
"Nipe… nipe ile…"
Mkono wake ukazunguka hewani.
Olgierd alikwisha kuinuka, kakishika, mdomo wazi.
Wit akamgusa bega, taratibu.

Hapa hatumpi neno.
Tutampa chai, skafu, namba zetu za usiku wa manane,
tutamsindikiza hadi kituoni barafu ikitanda.
Neno tunalingoja.

Birika likanyamaza. Chini yetu
mtu aliwasha redio, akaizima.
Zdzisława alifumba macho, kama apapasaye kabatini gizani,
na sisi sote tulikuwa humo kabatini naye,
hatupumui.

"Kijiko," akasema.

Olgierd, aliyekuwa amekishika muda wote,
akampa.
Kilikuwa kimeshapata joto.