Mguu wa Kushoto

Madamu Nkulu alisukuma madawati ukutani, akafagia simenti,
akasema: Leo tunajifunza kuanguka.
Tukacheka. Mtoto wa Katuba afundishwe kuanguka?
Mifereji yetu imetufundisha tangu tukitambaa.

Akavua viatu. Akalegea magotini,
nyonga, ubavu, bega,
kiganja kikaja mwisho, kikapiga sakafu,
na hakuumia. Akajipangusa vumbi:
Mwili ni ngazi. Ushuke kidato kwa kidato.
Anayeruka kidato hulipa kwa mfupa.
Haya. Tena.

Ng'ambo ya ukuta wa umeme walipima nyaya,
wa ushonaji walikanyaga mashine zao,
na sisi tisa wa kidato cha sita,
mafundi tusio na nyundo,
tuliporomoka mpaka saa saba,
tukarudi nyumbani na viwiko vya zambarau.

"Fundi wa nini?" mjomba Musau aliuliza
siku ya kuandikishwa, fomu mkononi, miwani puani.
"Fundi bomba namjua. Fundi saa namjua.
Huyu, kikiharibika nini ndiyo aitwe?"
Baba hakujibu. Alitia sahihi,
akafunika kalamu, akairudisha mfukoni.

Baba alianguka mara moja tu.
Kiwanda cha kuyeyusha shaba, ngazi ya chuma, zamu ya usiku.
Vidato vyote alivishuka kwa pamoja.
Tangu hapo nyumba inamjua kwa mlio:
ta, kimya, shwaa.
Ta, kimya, shwaa.
Hata mbwa wa jirani habweki.

Kwa mtihani wa vitendo tuliagizwa:
leteni mwendo wa mtu mmoja.
Uso muuache nyumbani kwake, mwendo tu.
Kabange akachagua shangazi yake na beseni la lenga-lenga kichwani.
Mimi, wiki tatu, nilimwibia baba.
Nilimfuata kwa masikio kutoka chumbani hadi bombani,
kisha nikajifungia mbele ya kioo cha kabati
nikamjaribu kwenye miguu yangu.
Kile kimya cha katikati nilidhani ni maumivu.
Sivyo. Ni hesabu:
mtu anayepima ardhi kabla ya kuiamini.

Ikaja Juni, baridi kavu, vumbi jekundu mdomoni.
Dirishani ule mlima mweusi wa masalio ya shaba
umesimama juu ya mji
kama mchezaji aliyesahau maneno yake.
Baba alikuja na koti la harusi ya dada,
akaketi safu ya tatu, mguu ameunyoosha njiani,
watu wakauruka.

Hatua kumi na mbili kutoka pazia hadi pazia.
Ta. Kimya. Shwaa.
Mtu akacheka, akanyamaza katikati ya kicheko.
Hatua ya kumi na mbili nilipaswa kuanguka,
ndivyo tulivyopanga na Madamu,
nyonga, ubavu, bega.
Nikamwona baba ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.
Sikuanguka. Nilisimama tu pale, kama mjinga,
mpaka juri wakaanza kuandika.

Sitini na nane kwa mia.
Madamu hakunisemesha.

Tulirudi kwa miguu, baba na mimi, kimya hadi kwenye reli.
Hapo akasimama.
"Umekosea mguu."
"Baba?"
"Ni wa kushoto. Wewe umeharibu wa kulia."
Kioo. Kile kioo cha kabati, mwongo yule.
Nikafungua kinywa kuomba radhi,
naye alikuwa tayari ameniachia koti,
anatembea mbele yangu kando ya reli, polepole,
polepole kuliko siku zote,
akinionyesha kisigino, akinionyesha mahali pa kusubiri.
Mama mmoja muuza makaa akageuka kutazama.
Baba akafika kwenye nguzo, akanigeukia.
"Umeona?"
Nikasema nimeona.
"Basi wewe sasa," akasema.
Nikatembea.
"Bado," akasema. "Tena."